Kitabu cha Jumamosi

Jumamosi ikifika,
kufuli lenye kushika
twalivuta, lafunguka:
chumba cha nyuma shuleni.

Sisi wa Konde, ni saba,
wa upatu, wenye haba;
tulianza na kibaba
cha mchele wa jikoni.

Leo twamiliki meza,
mizani inayobeza
(gramu mia hupunguza)
na kopo la pesa, chini.

Kitabu nashika mie:
jina, umri, nitie,
na hali, niandikie
kila aliye foleni.

Maneno hayo si yangu,
yamepigwa chapa tangu
afisini; nami, Mungu
shahidi, sikubaini.

Ndipo alipoingia
Bi Mkasi, kashikia
bega la Shaame; njia
kaikariri kichwani.

Kwapani ana mkeka
wa ukili, umewaka
zambarau; akaweka
mbele yangu, pu! mezani.

"Mwanangu, wacha mchele,
kwanza nisomee yale
niliyoandikwa kule
kitabuni kwako ndani."

Nikasoma kwa haraka:
"Mkasi Faki. Miaka
themanini, imefika.
Hajiwezi. Masikini."

"Hajiwezi? Nani huyo?
Mkeka na rangi hiyo
kasuka nani? Na hayo
maji, nani kisimani?

Msimu wa karafuu
nani hujaza vifuu,
mgongo chini si juu,
akichambua uani?

Na huyu mwana, ni vipi
mmemwita?" Kwa ufupi
(macho nikaficha wapi?)
nikajibu: "Yatima," chini.

"Yatima, nami ni hai?
Ananipikia chai;
uzi kwangu haukai,
ye hutunga sindanoni.

Tumeokotana, basi,
siku ya mvua ya kasi:
yeye pweke, mi Mkasi
pweke; sasa tu nyumbani."

Foleni ikanyamaza.
Raya, ambaye huweza
kuokoa, kasogeza
kasha jipya la miwani.

Miwani kumi kamili,
kwa wazee mara mbili.
Wa kwanza hakukubali:
"Hizi pingu za usoni!"

Bi Mkasi kaishika.
Ya kwanza ikamtoka,
ya pili ikapotoka,
ya tatu... macho mezani.

"Lo! Upogo! Wote huu!
Mshono wapanda juu!
Nanyi mwanunua tuu,
mwanisifia sokoni!"

Kicheko hakijakwisha,
uso akauzungusha
kwa Shaame; akashusha
kidole chake shavuni.

Chini ya jicho, ni kovu
refu, rangi ya majivu.
Akasema, bila nguvu:
"Hili nalo... tangu lini?"

Mtoto hakutamka.
Mwaka wa nne wapika
chungu kimoja; hushika
mkono, siyo shavuni.

Akaketi. Akavua
miwani, akachukua
leso; vioo vya mvua
akafuta, kwa makini.

Nikapima: kilo tano,
sabuni, uzi, sindano;
Shaame, sare. Maneno
yamenikwama kooni.

Mkeka akakataa
kuubeba: "Utafaa.
Uzeni; aso na taa
mpeni, asome ndani."

Walipotoka, kalamu
nikashika; ni haramu
kuchafua buku humu,
mkaguzi yu njiani.

Nikafuta. Karatasi
ikachubuka. "Mkasi
Faki, msuka; mwepesi
wa ulimi. Na miwani."

Kwa Shaame, nikakata
neno lile; nikasita;
kisha hili likapata
nafasi: "Yuko nyumbani."

Na kovu? Halina chumba
kitabuni. Kila nyumba
ina lake la kufumba,
hata ufikie ndani.

Foleni ikasogea,
mchele ukapelea
kilo mbili. Kangojea
Mzee Shoka, ngazini.

Nikamwita. "Hali yako
leo siisomi; mwiko.
Sema kwa ulimi wako:
niandike jambo gani?"